Nesi wa digrii: mlango hufungwa kidato cha pili

Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, ujumbe unaoingia kwenye safu hii hubadilika ghafla. Wiki zilizotangulia mlikuwa mnaniuliza habari za presha na maumivu ya mgongo. Sasa ni wazazi, na swali ni moja: "Binti yangu anataka kuwa nesi wa digrii, aanzie wapi?" Swali hilo huja Januari, na anayeuliza huwa amechelewa miaka miwili. Simlaumu, maana hakuna aliyemwambia kwamba safari ya shahada ya uuguzi huamuliwa mwisho wa kidato cha pili, pale mtoto anapoulizwa kama anaendelea na fizikia na kemia au anaziacha.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa Miono kwa kazi nyingine kabisa, habari ya kliniki ya wajawazito. Kwa wasioifahamu, Miono ipo Halmashauri ya Chalinze, ndani ya Wilaya ya Bagamoyo, kwenye barabara inayochepuka Mandera kuelekea Saadani. Ni watu wa shamba: ufuta, mahindi, muhogo. Kuna kituo cha afya, na katika mji wa namna hiyo mtoto humjua nesi kabla hajamjua daktari. Nesi ndiye anayempima uzito kliniki, ndiye anayemchoma sindano, ndiye aliyempokea alipozaliwa usiku wa mvua. Kwa hiyo ukiwauliza wasichana wa pale wanataka kuwa nani, wengi watakutajia unesi bila kusita. Ukiwauliza masomo gani yanahitajika, kimya kinaingia.

Nianze na kidato cha pili, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotelea. Kwa utaratibu tulioukuta sisi wengi, mwanafunzi akishafanya mtihani wa kidato cha pili huruhusiwa kupunguza masomo. Biolojia hubaki, maana ni ya lazima kwa wote. Fizikia na kemia ni hiari. Katika shule nyingi za kata mwalimu wa fizikia ama hayupo ama ni mmoja anayekimbizana na vidato vinne, na maabara ni chumba chenye meza. Mtoto mwenye akili zake timamu anaona somo lisilo na mwalimu litamharibia matokeo, analiacha. Kwa hesabu ya kidato cha nne amefanya vizuri. Kwa hesabu ya uuguzi amefunga mlango kwa ndani na ufunguo ameutupa nje.

Mtaala ulioboreshwa, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, umeshaanza kuingia madarasani. Mwenye mtoto kidato cha kwanza aende shuleni sasa hivi, asisubiri kikao cha wazazi, aulize swali moja tu: je, kwa masomo aliyopangiwa mtoto wangu, fizikia, kemia na biolojia zimo zote tatu?

Tuje kwenye shahada yenyewe. Kuna njia mbili za kuifikia, na zote mbili ni halali na zina heshima.

Ya kwanza ni kupitia kidato cha sita. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutaka ufaulu mkuu, yaani kuanzia A hadi E, katika masomo matatu: kemia, biolojia, na la tatu ambalo ni fizikia au hisabati ya juu au lishe. Jumla ya pointi isipungue 6. Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Lakini si pointi 6 za kuokota popote. Kemia inatakiwa iwe C, biolojia D, na hilo la tatu angalau E. Jumlisha mwenyewe: 3 na 2 na 1, sita imetimia. Wazazi wengi hushangaa kuona kemia imewekwa juu ya biolojia. Wamezoea kufikiri uuguzi ni mambo ya mwili, na mwili ni biolojia. Lakini nesi ndiye anayepokea dawa, anazichanganya, anazipima na kuziingiza kwenye mshipa wa mgonjwa, naye ndiye wa kwanza kuona dawa mbili zimegombana. Mimi naona C ya kemia ni sharti la haki kabisa.

Maana yake kwa tahasusi ni kwamba PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, ndiyo barabara kuu. CBN, yaani kemia, biolojia na lishe, nayo inapita kwenye vyuo vinavyokubali lishe kama somo la tatu. CBG ndiyo inayowaliza watu. Mtoto anapangiwa kemia, biolojia na jiografia, familia inafurahi kwamba yumo kwenye sayansi, anasoma miaka miwili kwa bidii, kisha anakuta jiografia haichukui nafasi ya fizikia katika sharti hilo. Kama mwanao amepangiwa CBG na ndoto yake ni uuguzi wa shahada, aombe kubadilisha tahasusi wiki za mwanzo za kidato cha tano, kabla madarasa hayajajaa.

Halafu tusidanganyane kuhusu pointi 6. Hicho ni kima cha chini cha kuruhusiwa kuomba, si ahadi ya kupata. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, hupokea maombi ya watoto waliofaulu nchi nzima, na nafasi ni chache. Mwenye pointi 6 aombe Muhimbili kama anapenda, lakini aombe na kwingine: Dodoma kuna UDOM na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Mwanza kuna Bugando, Moshi kuna KCMC, Mikocheni kuna Kairuki, Zanzibar kuna SUZA. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, kila chuo na mfumo wake mtandaoni, kwa madirisha yanayofunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita. Akichaguliwa vyuo viwili lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri atakayotumiwa kwenye simu. Hapa nawasihi wazazi: iwe simu ya mtoto mwenyewe au ya mzazi, isiwe ya mwenye kibanda cha intaneti. Ujumbe ule ukiingia kwenye simu ya mtu mwingine, nafasi inaweza kupotea hivi hivi.

Njia ya pili ni ya stashahada, ile ambayo mtaani tunaiita diploma. Baada ya kidato cha nne mtoto huomba chuo cha uuguzi na ukunga kinachosimamiwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Mkoa wetu wa Pwani hatuko nyuma. Kibaha kuna chuo cha afya chini ya Shirika la Elimu, jirani na hospitali ya Tumbi. Sharti la kuingia ni ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo kemia, biolojia na fizikia. Umeiona fizikia tena? Stashahada ni miaka mitatu. Akimaliza na wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, anaweza kuomba shahada.

Watu husikia hiyo GPA ya 3.0 wakasimama hapo. Sharti lina mkia. Vyuo vikuu humtaka mwenye stashahada awe na angalau D za kidato cha nne katika masomo matano: hisabati, kemia, biolojia, fizikia na Kiingereza. Rudia kusoma la kwanza. Hisabati, somo ambalo watoto wetu wanalikimbia kuliko yote, na ambalo halikumzuia mtu kuingia diploma, linakuja kumsubiri mlangoni mwa chuo kikuu. Nimekutana na manesi wa wodini, watu wazima wenye uzoefu wa miaka, wazalishaji hodari ambao ningependa wanipokee mimi siku yangu ikifika, wamekaa usiku na vitabu vya hisabati vya kidato cha tatu vya watoto wao. Wana GPA nzuri. Wana F moja ya zamani. Na F hiyo haijui kwamba mwenyewe ameshaokoa maisha ya watu.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike haya yote wiki hii. Siku ile Miono, mzee mmoja alinifuata baada ya kusikia natoka gazetini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya matokeo ya binti yake: Kiswahili B, biolojia C, jiografia C, historia C, kemia D, Kiingereza D, uraia D, hisabati F. Fizikia haikuwepo kabisa. Mwalimu wa fizikia alihama binti akiwa kidato cha pili, na darasa karibu zima likaliacha somo.

Mzee hakuwa na shida na matokeo. Alikuwa na fedha ya ufuta ndani ya nyumba, na kijana mmoja wa stendi alikuwa amemwambia kuna chuo Dar es Salaam kitamchukua binti na cheti hicho hicho. Ataanza na cheti, mwaka wa pili anaruka moja kwa moja kwenye digrii. Alichotakiwa mzee ni kulipa nusu ya ada wiki ile ile ili "kushikilia nafasi", kwa njia ya simu, kwenye namba ya mtu binafsi.

"Mwanangu," akaniuliza, "nilipe nisilipe?"

Nikamwambia, "Baba, hata shilingi usitoe."

Tulitafuta jina la chuo hicho kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa inayowekwa na NACTVET kwenye tovuti yake. Hakikuwemo. Tukatazama na orodha ya vyuo vikuu ya TCU, nako hakikuwemo. Lakini hata kingekuwemo, maneno yenyewe yalikuwa yameshajisaliti. Hakuna mahali Tanzania ambapo mtu wa kidato cha nne asiye na fizikia anaingia kozi ya uuguzi, na hakuna cheti kinachoruka stashahada kikatua kwenye shahada mwaka wa pili. Chuo halali huingiza ada kwenye akaunti ya chuo kwa namba ya malipo, hakipokei kwa jina la mtu. Na nafasi ya chuo haishikiliwi na kijana wa stendi, awe mpole namna gani.

Ukisoma kwenye chuo kisichosajiliwa hasara haiishii kwenye ada. Mtoto anakaa miaka mitatu, anapewa karatasi, anaipeleka kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, anaambiwa hatambuliki. Hawezi kufanya mtihani wa leseni. Hospitali yoyote inayojiheshimu haiwezi kumpokea. Kilichobaki ni kuuza duka la dawa la mtu au kujifanya nesi uchochoroni, na hilo la pili ni kosa la jinai.

Kwa hiyo binti yule afanye nini? Yeye amekosa masomo mawili tu, ndivyo ninavyoona. Anaweza kurisiti, yaani kujisajili Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, afanye fizikia na hisabati mwezi Novemba. Fizikia itamfungulia stashahada, hisabati itamwekea akiba ya shahada ya baadaye. Afanye zote mbili kwa mpigo, asije akairudia hisabati akiwa na watoto watatu na zamu za usiku. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huanza mapema mwaka, na ukichelewa unalipa faini. Kubwa zaidi ni kupata kituo chenye mwalimu wa fizikia na vifaa vya maabara, maana fizikia ina mtihani wa vitendo. Kusoma peke yake nyumbani na kitabu hakutamtosha. Huenda ikabidi akae kwa ndugu Chalinze au Bagamoyo kwa miezi hiyo. Gharama yake ni ndogo sana kuliko fedha aliyokuwa akidaiwa baba yake.

Mzee alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Fedha ikikaa nyumbani mpaka Novemba haitakuwepo. Kuna bati la kuezeka, kuna shamba la kulima, kuna msiba utatokea tu. Angalau akilipa leo, itakuwa imekwenda kwa mtoto. Msidharau hoja hiyo, wasomaji wa mjini. Mkulima hulipwa mara moja kwa mwaka, na matapeli wa ada wanaijua kalenda hiyo kuliko Bodi ya Mikopo. Mkewe ndiye aliyetoa wazo: sehemu ya fedha iingie kwenye kikoba chake kwa jina la binti, itolewe kwa ajili ya usajili na nauli tu. Mzee hakukubali mbele yangu wala hakukataa. Nilipoondoka walikuwa bado wanazungumza.

Wakati mnazungumza nyumbani, shughulikieni na karatasi. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachowakwamisha watoto wa vijijini kuliko hata ufaulu. Wengi wana kadi ya kliniki tu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA, na uhakiki huchukua muda. Kisha kuna majina. Huku pwani mtoto ni Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanaamisi kwenye cheti cha darasa la saba, na kidato cha nne mwalimu kaandika Mwanahamis. Kwetu ni mtu mmoja, kwenye kompyuta ni watu watatu. Majina yasahihishwe mapema kwa kiapo au kwa hati ya kisheria ya kubadili jina, si wiki ya mwisho ya maombi.

Mkopo wenyewe huombwa mtandaoni, na fomu husainiwa na kiongozi wa serikali ya kijiji, mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa, na kamishna wa viapo, ambaye ni wakili au hakimu. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF iweke uthibitisho wake. Yatima aambatishe vyeti vya vifo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi, ile "boom" ya wanafunzi, ni shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500. Na jambo ambalo bado halijafika vijijini: kuanzia 2023/2024 Bodi imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na sayansi za afya zimo. Ni mkopo, si zawadi. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka umalizike. Bado mimi ningechukua.

Shahada ni miaka minne. Mwaka wa kwanza ni mzito kuliko wengi wanavyotegemea: muundo wa mwili, jinsi viungo vinavyofanya kazi, kemia ya mwili, vimelea vya magonjwa, na vyote kwa Kiingereza. Mtoto aliyetoka shule ya kata hushtukia lugha kabla ya somo. Kisha wodi huanza, na wodi ndiyo uuguzi. Atazunguka kwa wagonjwa wa ndani na wa upasuaji, kwa watoto, kwa wazazi, kwa wagonjwa wa akili, na vijijini kwa afya ya jamii. Kila mahali kuna orodha ya mambo anayotakiwa kuyafanya kwa mikono yake huku akisimamiwa na kusainiwa. Anaweza kuwa na alama nzuri za darasani akazuiwa kuendelea kwa sababu ya wodi. Mwisho hufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandikia ripoti. Vyuo vingi pia hudai fomu ya uchunguzi wa afya kabla ya kuripoti, na ni busara mtoto apate chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza kugusa damu za watu.

Watakaosoma Muhimbili wataingia jengo la Sewahaji, na wengi watapita pale bila kujua jina hilo lilitoka kwetu. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo karne ya 19, akatoa mali yake kujenga hospitali Bagamoyo na Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Mtoto wa Miono akishika mkono wa mgonjwa mle ndani, yupo kwenye nyumba ya jirani wa babu zake.

Baada ya mahafali kuna mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, akifanya kazi chini ya usimamizi. Wazazi wengi huudhika hapo. Walidhani joho ndilo mwisho. Na kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, chombo kilicho chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, kwa ajili ya usajili na leseni. Bila leseni, digrii ni picha ya ukutani. Leseni nayo huhuishwa, haiwi ya maisha.

Kuna tofauti gani basi kati ya mwenye digrii na wengine, ikiwa wote wanavaa sare? Serikalini mwenye cheti huanza kama Muuguzi, mwenye stashahada kama Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada kama Afisa Muuguzi. Mishahara hutofautiana, na nafasi za kusimamia wodi, kufundisha na kusoma shahada ya uzamili huelekea huko juu. Nje ya nchi hali imekwenda mbali zaidi: Uingereza tangu mwaka 2013 manesi wapya husomea ngazi ya shahada. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2020 manesi milioni 28 hivi duniani, na upungufu wa karibu milioni 6. Kwa hiyo dunia inawahitaji.

Lakini kuhitajika na kuajiriwa ni vitu viwili. Hapa nyumbani wapo wahitimu wa afya, wa digrii pia, wanaokaa mtaani wakisubiri tangazo la ajira wakati kituo cha afya cha jirani nesi mmoja anabeba zamu ya watu watatu. Anayempeleka mtoto kusomea uuguzi kwa kuamini ajira ya serikali inamsubiri getini, ajue hivyo mapema. Wengine huanza kwa kujitolea, wengine kwa mkataba hospitali binafsi. Ningekuwa na mdogo wangu Miono leo ningemshauri aanze na stashahada, apate leseni na kazi, kisha aende digrii akiwa na mshahara. Najua wapo watakaonipinga, hasa walimu wa kidato cha tano, na mwenye PCB nzuri hana sababu ya kunisikiliza.

Nimalizie na maswali mawili yaliyoingia kwa ujumbe mfupi.

Baba wa Msata anauliza kama mtoto wa kiume akisomea unesi atachekwa. Labda na wenzake wa kijiweni, kwa mwezi mmoja hivi. Masharti ya kuingia ni yale yale kwa wote, na wodi ya wagonjwa wa akili au ya waliovunjika itamshukuru akiwa na mabega.

Dada wa miaka 23, wa huko huko kata ya Miono, aliacha shule kidato cha tatu kwa ujauzito, sasa mtoto ana miaka minne. Anauliza kama ameshachelewa. Dada yangu, Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kurudi shuleni, ila kwa muda uliopita wewe njia yako ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ina mafunzo ya sekondari kwa njia mbadala. Nenda kwa afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri, beba matokeo yako ya kidato cha pili kama unayo; kama huna, muulize habari za Mtihani wa Maarifa. Kituo atakachokupangia, kabla hujajiandikisha, uliza kama wanafundisha fizikia.